Cheti ni Ushahidi: Nasaha kwa Vijana Wanaojiandaa na Mitihani ya Kuandika Programu

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Kwa miezi kadhaa sasa vijana wananiletea swali moja, wengine baada ya swala ya Isha, wengine kwa ujumbe wa simu. Swali lenyewe ni hili: "Sheikh, nataka kufanya mtihani wa cheti cha kuandika programu za kompyuta. Kuna kundi mtandaoni linauza maswali ya mtihani pamoja na majibu, yale yale yanayokuja. Nikiyanunua nikayakariri, kuna tatizo?"

Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Leo nimeona nijibu hadharani, maana anayeuliza ni mmoja na walionyamaza ni wengi. Jibu langu kwa ufupi: haifai. Ni udanganyifu, ni kuvunja ahadi, na ndani yake mna ushahidi wa uongo. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza njia ya halali, kwa sababu mwalimu akifunga mlango wa haramu anapaswa aoneshe na mlango wa halali uko wapi.

KWANZA: TUUJUE MTIHANI WENYEWE

Mimi sikusomea kompyuta. Nimesoma madrasa na sekondari. Lakini vijana wetu husoma Python katika chumba cha madrasa baada ya Isha, nami hukaa nao, huwauliza, nao hunieleza mpaka nikaelewa kiasi cha kuweza kusema.

Python ni lugha ya kuiamrisha kompyuta. Aliyeianzisha ni Mholanzi, Guido van Rossum, na ikatoka mara ya kwanza mwaka 1991. Ipo taasisi iitwayo Python Institute inayotoa vyeti vya lugha hii. Mtihani wake wa ngazi ya kwanza unaitwa PCEP. Una maswali 30, muda dakika 40, na kufaulu ni asilimia 70. Ngazi inayofuata ni PCAP: maswali 40, dakika 65, kufaulu asilimia 70 vilevile. Wanaosoma lugha ya Java wana mitihani ya kampuni ya Oracle. Ule wa Java 17, kwa mfano, una maswali 50 kwa dakika 90, na kufaulu ni asilimia 68.

Sasa sikilizeni namna inavyouliza. Sehemu kubwa haikuulizi maana ya jambo. Inakupa mistari michache ya programu na kukuuliza: kompyuta ikisoma hivi, itatoa nini? Hapo ndipo penye mitego.

Mfano: ukiandika range(1, 5) unadhani kompyuta itahesabu 1 mpaka 5. Haifiki 5, inaishia 4. Mfano wa pili: una orodha ya majina uliyoiita a, ukaandika b = a, kisha ukafuta jina kwenye b. Ukirudi kwenye a utakuta nalo limefutwa, kwa sababu hukutengeneza orodha mpya, umeipa orodha moja majina mawili. Ni kama mtu ambaye nyumbani anaitwa Abuu na shuleni anaitwa Abubakar. Akivunjika mguu Abuu, Abubakar naye anachechemea. Mfano wa tatu: 7 ukigawa kwa 2 kwa alama ya //, jibu ni 3, kwa kuwa alama hiyo hukata sehemu inayobaki. Lakini hasi 7 kwa alama hiyo hiyo jibu lake ni hasi 4, si hasi 3, kwa sababu hesabu hushuka kwenda chini. Wengi huanguka hapo.

Mtu aliyeelewa atakujibu hata ukibadilisha namba zote. Aliyekariri kwamba swali la 14 jibu lake ni "B", ukibadilisha namba moja tu amekwisha.

PILI: NENO SHAHADA LINAVYOTUFUNDISHA

Katika Kiswahili chetu tunasema fulani amepata shahada ya chuo kikuu. Neno hilo hilo ndilo tunalotamka tunapoingia katika Uislamu, na ndilo linalotumika mahakamani. Shahada ni ushahidi. Cheti ni karatasi inayosema: sisi tunashuhudia kwamba fulani tumempima tukamkuta anajua kitu hiki. Na wewe unapokiweka kwenye maombi ya kazi unashuhudia juu ya nafsi yako mbele ya mtu asiyekujua, naye atakukabidhi mali yake na kazi yake kwa kutegemea ushahidi huo.

Sasa kumbukeni hadithi ya Abu Bakra (Allah awe radhi naye) iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alikuwa akiwatajia Maswahaba madhambi makubwa kabisa. Akataja kumshirikisha Allah, akataja kuwaasi wazazi wawili, hali ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo, akakaa sawasawa, akawa anakariri onyo hilo mpaka Maswahaba wakatamani lau angenyamaza, kwa kumhurumia. Jambo lililomfanya Mtume wetu ainuke pale alipoegemea, sisi tunalinunua kwa simu tukiwa tumelala kitandani?

Na kumbukeni yule mfanyabiashara wa nafaka sokoni. Mtume alitia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na hapo ndipo lilipokuja onyo zito kuhusu mwenye kudanganya, kama alivyopokea Imam Muslim. Cheti cha maswali yaliyovuja ni nafaka hiyo hiyo. Juu kavu na safi, na chini imelowa. Tofauti ni kwamba mwajiri hana mkono wa kutia ndani ya kichwa chako. Atakuja kuijua siku kazi itakapoharibika.

Sisi Watanzania jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2017 serikali ilitangaza watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Familia ngapi zilitikisika? Mtu atasema: "Sheikh, wale walighushi karatasi, mimi karatasi yangu ni halisi." Ni kweli, karatasi yako ni halisi. Kilichoghushiwa ni ushahidi ulioandikwa juu yake. Mbele ya watu unaweza kupita. Mbele ya Allah, karatasi halisi yenye maneno ya uongo ina uzito gani?

TATU: HOJA WANAZOZITOA

Hoja ya kwanza: "Hizi ni kampuni za watu wasio Waislamu." Ndugu yangu, kabla mtihani haujafunguka, katika mitihani mingi ya aina hii, unawekewa masharti kwenye skrini: kwamba hutatumia msaada wowote usioruhusiwa, na hutayatoa maswali nje. Unabonyeza "nakubali". Hapo umefunga mkataba. Allah mwanzoni mwa Suratul Maida ametuamrisha kutimiza mikataba, na katika Suratul Israa aya ya 34 ametuambia kwamba ahadi itaulizwa. Hakusema ahadi ya Muislamu peke yake. Mtume wetu alipohama Makka alimwacha Ali (Allah awe radhi naye) nyuma arudishe amana za watu. Watu gani? Wale wale waliokuwa wanamtafuta wamuue.

Hoja ya pili: "Elimu haifichwi, kwa nini mtihani ufichwe?" Elimu ya Python haikufichwa. Lugha yenyewe ni bure, na vitabu na masomo yake yamejaa mtandaoni bila malipo. Kilichohifadhiwa ni kipimo. Elimu ni nafaka, mtihani ni mizani. Nafaka igawe upendavyo, lakini mizani ukiichezea umeingia katika onyo la Suratul Mutaffifin.

Hoja ya tatu: "Kila mtu anafanya." Hii haijawahi kuwa dalili katika dini. Qur'ani katika Suratul An'aam aya ya 116 inatutahadharisha kuwafuata walio wengi wakatupoteza. Tena si kweli kwamba ni kila mtu. Wapo vijana wa kiume na wa kike wanaokesha na daftari, na wewe ukinunua majibu unawadhulumu hao kwanza, maana cheti kikipatikana kwa kila anayelipa, cha kwao nacho kinashuka thamani.

Hoja ya nne ndiyo nzito, na sitaibeza: "Sheikh, sina kazi. Ada ni dola, na baadhi ya mitihani inapita dola 200. Nikifeli nimepoteza hela ya kuchangiwa na ndugu." Hili ni la kweli. Najua nyumba ambazo mama anauza vitumbua ili kijana apate hela ya bando. Lakini dharura inayohalalisha kilichoharamishwa ni ile ya mtu anayehofia roho yake kwa njaa. Mtihani si dharura ya namna hiyo, kwa sababu hakuna aliyekulazimisha kuufanya mwezi huu. Subiri. Soma kwanza, ulipe ukiwa tayari. Na nikuambie jambo ambalo wauza majibu hawakuambii: cheti cha ngazi ya kwanza peke yake mara nyingi hakikupi kazi. Mwenye kazi atataka kuona ulichotengeneza, na wengi watakukalisha mbele ya kompyuta waseme, "andika." Hapo yale majibu uliyokariri yatakusaidia nini?

NNE: MADHARA HAYAISHII KWAKO

Vijana walinionesha kitu kilichonishtua. Katika Python, mtu akiandika namba kwenye kisanduku, kompyuta huipokea kama maandishi mpaka uiamuru iigeuze kuwa namba. Usipoigeuza, ukijumlisha 500 na 500 hupati 1,000, unapata 500500, kwa kuwa imeyabandika maandishi mawili pamoja.

Tuseme msikiti umempa kijana mwenye cheti kazi ya kutengeneza programu ya michango ya mayatima. Watu wawili wametoa shilingi mia tano tano, na kitabu kinasoma laki tano na mia tano. Hilo litaonekana haraka. Lakini makosa madogo, ya senti hapa na siku moja pale, hayaonekani haraka. Hesabu inaishia siku ya 29 badala ya 30, na mfanyakazi kakatwa mshahara wa siku moja kila mwezi bila kujua. Aliyeandika ni nani? Mwenye cheti. Dhulma hii ya watu mia ataiombea msamaha kwa nani, naye hata majina yao hawajui?

Katika Suratul Qasas aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alimweleza baba yake kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sifa mbili. Nguvu katika zama hizi ni ujuzi, na uaminifu ni amana. Mwenye kufaulu kwa majibu ya kununua amezikosa zote mbili kwa mpigo. Ujuzi hana, na amana ameiuza. Afadhali hata aliyefeli kwa haki, kwa kuwa moja bado anayo, na ya pili anaweza kuitafuta.

TANO: NJIA YA HALALI

Sasa, mwanangu, ufanyeje? Nimeangalia wanavyosoma wale wanaofaulu, nikakuta si mbali na tulivyohifadhishwa Qur'ani.

1. Sahihisha nia, kisha uijue silabasi. Mtihani wa PCEP una sehemu nne na uzito wake unatangazwa: misingi ya lugha asilimia 18, masharti na lupu (amri zinazorudiwa) asilimia 29, orodha na mikusanyo ya data asilimia 25, funksheni na kushughulikia makosa asilimia 28. Kijana mwenye akili hagawi siku zake sawa kwa sawa. Hizo sehemu mbili za juu peke yake ni zaidi ya nusu ya mtihani.

2. Tumia vya bure kwanza. Python Institute wenyewe wana kozi ya bure iitwayo Python Essentials 1, iliyopangwa kwa ajili ya mtihani wa PCEP, na ya pili kwa ajili ya PCAP. Maliza kozi. Kabla ya kulipa, uliza kama kuna punguzo la ada kwa waliomaliza.

3. Kidogo kila siku. Hakuna aliyehifadhi juzuu kwa usiku mmoja. Saa moja baada ya Alfajiri, kichwa kikiwa safi, ni bora kuliko saa sita za Jumamosi huku simu inalia.

4. Tabiri kabla ya kuendesha. Andika programu kwenye karatasi, andika na jibu unalodhani kompyuta itatoa, ndipo uiendeshe. Ukikosea usipite haraka. Kuwa na daftari la makosa: nilidhani nini, ikawa nini, kwa nini. Daftari hilo ndilo murajaa yako. Lipitie kila Ijumaa.

5. Msomee mwenzako. Madrasa mwanafunzi humsomea mwalimu naye husahihishwa. Kama hakuna mwalimu, kaeni wawili. Usichoweza kumweleza mwenzako kwa Kiswahili bado hujakijua.

6. Jipime kwa muda. Dakika 40 kwa maswali 30 ni sekunde 80 kwa kila swali. Fanya majaribio na saa mkononi. Ukipata asilimia 85 au zaidi mara tatu mfululizo, tena kwa maswali usiyowahi kuyaona, nenda kalipe.

7. Siku yenyewe. Chagua saa isiyogongana na swala. Hakikisha umeme na bando, na simu ya akiba. Swali rakaa mbili, omba dua, omba radhi ya wazazi. Huku ndiko kumfunga ngamia na kutawakali. Na wale wanaokwenda kutafuta hirizi ya mtihani, jamani, hirizi haijui lupu inaishia wapi. Mtashirikisha na mtafeli.

Wengi pia mmeuliza: je, maswali ya mazoezi nayo ni haramu? Hapana. Maswali aliyotunga mwalimu ili ujipime ni halali, ni kama mtihani wa majaribio shuleni. Lililokatazwa ni swali lililoibwa kutoka ndani ya mtihani halisi. Dalili yake ni muuzaji mwenyewe: akikuahidi kwamba "haya ndiyo yanayokuja", mkimbie. Na programu za akili bandia, mwambie ikufafanulie somo mpaka uelewe, hilo ni jema. Ukiifungua pembeni wakati wa mtihani ikujibie, hukumu ni ile ile. Kumtuma rafiki akufanyie ni hivyo hivyo, na mnashirikiana dhambi.

Tena wewe uliyefaulu kwa haki, usitoke ukatuma maswali kwenye kundi ukisema ni sadaka. Ulikubali sharti la kutoyatoa. Sadaka haitolewi kwa mali ya amana. Ukitaka thawabu, wafundishe wenzako somo lenyewe.

SITA: ALIYEKWISHA FANYA

Ninajua kati ya mnaosoma hapa yumo aliyekwisha pata cheti kwa njia hiyo, na sasa yuko kazini. Ndugu yangu, sikufungii mlango ambao Allah ameuacha wazi. Sheikh Ibn Baz (Allah amrehemu) aliulizwa kuhusu mtu aliyeajiriwa kwa cheti alichokipata kwa kudanganya kwenye mitihani. Alielekeza kwamba atubu kwa Allah, na kama anaimudu kazi yake na kuitekeleza inavyotakiwa, basi kipato chake hakina ubaya, ila alikosea kwa ule udanganyifu.

Angalieni sharti lilipo: kuimudu kazi. Kwa hiyo toba yako ina kazi ndani yake. Keti chini usome kile ambacho cheti chako kinasema unakijua, sura kwa sura, mpaka ushahidi ule uwe kweli. Na kazi usiyoiweza usiipokee, hasa yenye kugusa fedha, dawa au haki za watu.

MWISHO

Wazazi, acheni kuwauliza watoto, "umepata cheti?" Waulizeni, "umejua nini? Hebu nioneshe." Swali la kwanza ndilo linalowasukuma kwa wauza majibu. Na ninyi wenye kazi, msimpe mtu kazi kwa karatasi tupu. Mkalisheni mpime, hiyo ni haki yenu.

Tunapenda kujivuna kwamba neno "algorithm" limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa. Ni kweli, na ni fahari. Lakini yeye alikaa akafikiri, akaandika, akaeleza hatua kwa hatua mpaka wengine wakaelewa. Anayetaka kuwa mrithi wake afuate njia hiyo.

Ewe Allah, wafungulie vijana wetu wa kiume na wa kike milango ya elimu yenye manufaa, wape riziki ya halali yenye baraka, wape subira wanapofeli na unyenyekevu wanapofaulu, na utukinge sote na kushuhudia tusiyoyajua. Aamin.

Mwenye swali aandike hapa chini, nitajibu Insha Allah baada ya darsa. Na mwenye kijana anayejiandaa na mtihani, amfikishie ujumbe huu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.